Je, wajua jinsi damu ya watoto wa Owino Uhuru ilivyofika mahakamani?

Wakazi wa Owino Uhuru, mtaa wa watu kama elfu tatu ulioko Mikindani, Mombasa, hawakusubiri mtafiti awaambie kwamba kuna jambo haliko sawa. Mwaka 2007 kiwanda kilifunguliwa kando ya nyumba zao. Kilinunua betri kuukuu za magari, kikazipasua na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani ili yauzwe tena nje ya nchi. Moshi wake uliingia majumbani na maji machafu yakapita vichochoroni wanakocheza watoto. Kina mama waliona mimba zikiharibika, na watoto wakiwa na vifua visivyopona.

Hayo yalisemwa kila siku kisimani na vibarazani. Hata hivyo hukumu ya kwanza ilitoka Julai 2020, miaka kumi na mitatu baadaye. Kwa nini jambo linalojulikana na mtaa mzima lichukue muda mrefu hivyo kukubalika kisheria? Na ni kazi gani hasa inayofanywa hapo katikati, mpaka kilio cha mtaani kigeuke amri ya hakimu? Kazi hiyo ni utafiti, wa jamii na wa sheria, na kesi hii inauonyesha ukiwa kazini kuliko nyingine nyingi za Afrika Mashariki.

Jina linalotajwa zaidi ni la Phyllis Omido. Aliajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira. Kiwanda kilikuwa tayari kinafanya kazi, ilhali tathmini ya namna hiyo hutakiwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Wataalamu walisema kiko karibu mno na makazi ya watu, kihamishwe. Ushauri huo haukufuatwa, naye akaondolewa kwenye kazi hiyo. Muda si muda mwanawe mchanga akaugua homa isiyosikia dawa. Madaktari walitafuta malaria, wakatafuta homa ya matumbo, mpaka damu yake ilipopimwa risasi. Mtoto alikuwa akiipata sumu kwenye maziwa ya mama. Omido akaacha kazi, akawapeleka na majirani kupimwa, kisha akaanzisha shirika la kupigania haki na mazingira. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman, lakini kabla ya hapo alikamatwa na kushtakiwa kwa kuchochea vurugu, akaachiliwa huru na mahakama.

Sasa tuingie ndani ya vipimo, maana hapo ndipo kesi za namna hii hufa au kupona.

Risasi ikiingia mwilini, mwili huichukulia kana kwamba ni chokaa ya mifupa, ile kalisiamu tunayoipata kwenye maziwa na dagaa. Mtoto mdogo anafyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano kuliko mtu mzima. Tena mtoto huyo ndiye anayetambaa chini na kutia vidole mdomoni, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Madhara yenyewe hayaonekani kwa macho: mtoto anachelewa kusoma, hatulii, anasahau. Mwalimu anaweza kumwita mvivu na mambo yakaishia hapo.

Lakini damu haiweki kumbukumbu muda mrefu. Nusu ya risasi iliyo kwenye damu huondoka kwa muda wa kama mwezi mmoja. Sehemu yake hutoka kwa mkojo, na nyingine hujificha mifupani, ambako hukaa miaka mingi na inaweza kurudi kwenye damu mwanamke anaposhika mimba. Maana yake kisheria ni nzito. Kiwanda kilifungwa na kufunguliwa zaidi ya mara moja, kikasimama kabisa mwaka 2014. Kila mwezi uliopita bila vipimo ulikuwa unafuta sehemu ya ushahidi kutoka kwenye mishipa ya watoto. Mamlaka inayochelewesha uchunguzi kwa miaka mitano inachagua, ijue au isijue, kesi iwe nyepesi kiasi gani.

Mwaka 2015 watafiti wa afya ya umma walipima watoto wadogo wa Owino Uhuru pamoja na watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa unaoitwa Bangladesh. Kwa nini wasipime Owino Uhuru peke yake? Kwa sababu wakili wa upande wa pili angeuliza swali moja tu: mmejuaje kwamba risasi hii haikutoka kwenye rangi za ukutani, sufuria, au mabaki ya petroli ya zamani? Petroli yenye risasi iliondolewa sokoni katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2006, lakini masalia yake yangali kwenye udongo wa kando ya barabara. Jibu linapatikana kwa kutafuta watu wanaoishi maisha yaleyale, kwa kipato kilekile, katika jiji lilelile, ila hawakuwa na kile kiwanda. Wastani wa risasi katika damu ya watoto wa Owino Uhuru ulikuwa mara mbili ya ule wa Bangladesh, na udongo wa mtaa wao ulikuwa na risasi zaidi ya mara kumi. Hayo yalikutwa baada ya kiwanda kufungwa. Damu yao ilikuwaje moshi ulipokuwa bado unafuka, hilo kila msomaji na ajiulize.

Hata namna ya kutoa damu ina uzito wake. Ukimtoboa kidole mtoto anayeishi kwenye vumbi la risasi, chembe zilizo juu ya ngozi huingia kwenye tone la damu, na kipimo kikaruka juu isivyo kweli. Mtafiti mwangalifu humnawisha mtoto vizuri kwa sabuni, au huchukua damu ya mshipa wa mkononi. Inaonekana ni jambo dogo, lakini wakili mjanja akilijua anaweza kulitumia kuangusha ripoti nzima na watoto wote waliomo.

Kuna mtego mwingine, wa kiwango. Marekani ilikuwa ikihesabu mikrogramu 10 kwa desilita ya damu kuwa ndipo hatari inapoanzia kwa mtoto. Mwaka 2012 ikashusha hadi 5, mwaka 2021 ikafika 3.5. Mtoto mwenye 8 alionekana hana tatizo mwaka 2011, na mwaka uliofuata akawa mtoto wa kufuatiliwa. Mwili wake haukubadilika hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia kiwanda fulani “kiko ndani ya viwango”, una haki ya kuuliza viwango vya mwaka gani, na aliviweka nani.

Upande wa sheria nao ulihitaji utafiti wake, wa muda mrefu zaidi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Kenya kuzuia jengo la ghorofa 60 lisijengwe katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Kesi ilitupwa. Hakimu alisema hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi kuliko Mkenya mwingine yeyote, kwa hiyo hakuwa na haki ya kushtaki. Fikiria maana yake: bustani ni ya wote, basi hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kuitetea. Jengo lenyewe halikusimama, lakini ule mlango wa mahakama ulibaki umefungwa.

Wasomi wa sheria na mawakili wa maslahi ya umma waliushambulia msimamo huo kwa miaka, wakilinganisha na nchi ambazo mahakama zake zilikuwa zimekwisha kuulegeza. Matunda yake yako wazi katika Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikikiukwa au ikitishiwa, na kifungu chake cha tatu kinasema mwombaji halazimiki kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au kuumia. Bila sentensi hiyo moja, Omido na wakazi wa Owino Uhuru wangeweza kukutana na jibu lilelile la 1989.

Walifungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mwaka 2016. Julai 2020 mahakama iliwapa ushindi: shilingi bilioni 1.3 za fidia, na amri ya kusafisha mtaa ndani ya miezi minne, la sivyo zilipwe milioni 700 za kuufanya usafi huo. Magazeti yalishika fedha. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilikuwa kwenye mgawanyo wa lawama. Kampuni ya kuyeyusha risasi ilibebeshwa asilimia 25, na kampuni nyingine iliyohusishwa 5. Zilizobaki, asilimia 70, ziliangukia upande wa serikali: mamlaka ya mazingira NEMA 40, Wizara ya Mazingira 10, Wizara ya Afya 10, na mamlaka ya maeneo ya viwanda vya kuuza nje, EPZA, 10.

Msimamizi alikutwa na kosa kubwa kuliko mchafuzi. Hili ndilo utafiti wa sheria na jamii unaloligundua tena na tena siku hizi: dhuluma nyingi za leo zimepitia ofisini, zikagongwa muhuri. Sheria ya mazingira ya Kenya ilikuwapo tangu 1999, na tathmini ya athari ilidaiwa na sheria hiyohiyo. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na mafaili, apange barua kwa tarehe, aone ukaguzi ulifanyika lini, amri ya kufunga ilitolewa lini, na nani aliruhusu kiwanda kifunguliwe tena. Ni kazi ya kuchosha na haina picha za kuvutia, lakini ndiyo iliyozaa zile asilimia 70.

Je, hukumu ikishatoka, utafiti umekwisha? Hapa Dar es Salaam ina somo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walilishtaki jiji kwa kumwaga na kuchoma taka katikati ya makazi yao, wakashinda. Jiji liliomba kuongezewa muda, na hatimaye likapeleka taka Kunduchi Mtongani. Mwaka 1991 wakazi 795 wa Mtongani wakaenda mahakamani nao, wakashinda pia. Taka zikaenda Vingunguti, baadaye Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Anayesoma vitabu vya hukumu peke yake ataandika kwamba wananchi walishinda mara mbili. Anayefuata malori ataona moshi uleule ukihamia kwa watu wengine, mara nyingi wale wenye sauti ndogo zaidi. Nadhani hii ndiyo sababu kubwa ya mwanasheria kumhitaji mtafiti wa jamii, yule anayeuliza ni nani analala karibu na jalala jipya usiku wa leo.

Swali hilo linaisubiri Owino Uhuru pia. Risasi ni elementi, haiozi wala haigeuki kuwa kitu kingine. Udongo wenye sumu ukichotwa lazima uende mahali, na mahali hapo pana majirani.

Fedha zenyewe ziligeuka safari nyingine. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ilikiondoa kiasi cha fidia na kutaka kihesabiwe upya. Mabishano yaligusa jambo gumu kweli: unamlipaje kila mtu wakati ushahidi umepima mtaa, na si kila mkazi ana cheti chake cha damu? Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha ile fidia ya bilioni 1.3. Hukumu ya 2020 ilikuwa imetoa siku 90 za kulipa. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 mahakama ya mwisho ilipotamka. Siwezi kuuita huo mwendo wa haki, hata kama mwisho wake ulikuwa mzuri.

Kwa anayeishi jirani na kiwanda chenye moshi wa kutia shaka, kuna mambo anayoweza kuanza nayo bila wakili wala maabara. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira nchini Kenya si siri ya kampuni: hutangazwa, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla ya leseni. Andika tarehe za moshi na harufu, jina la mtaa, na nani ameugua. Weka karatasi zote za hospitali, hata zile zilizosema ni malaria. Kisha iandikie ofisi husika uombe ripoti ya tathmini, leseni na barua za ukaguzi. Kenya na Tanzania zote zilitunga sheria ya haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Kwa Kenya, ofisi ya umma inapewa siku 21 za kujibu, na kama taarifa unayoiomba inahusu uhai au uhuru wa mtu, inapaswa kujibu ndani ya saa 48.