Mvua Mara Mbili, Mto Si Mara Mbili: dhana potofu kuhusu kukadiria maji ya mto

Mito mingi haina geji (kipimo cha kina cha maji) inayosomwa kila siku, wakati mvua hupimwa sehemu nyingi zaidi. Ndiyo maana wataalamu wa maji hutunga fomula ya kukadiria maji ya mto kutokana na takwimu za mvua. Ni kazi yenye manufaa, ila imezungukwa na imani zisizo sahihi. Mfano wangu ni mto Ruaha Mkuu, Tanzania.

Dhana: Mvua ikiongezeka maradufu, mto nao huongezeka maradufu.
Ardhi hunywa kwanza. Milimita 20 zikinyesha kwenye kilomita moja ya mraba, hizo ni mita za ujazo 20,000. Mvua za kwanza zinapofika Usangu, bonde ambalo Ruaha Mkuu hupitia, udongo wa mfinyanzi wa mbuga umepasuka nyufa za kuingiza mkono. Maji hayo yanaweza kuishia humo yote, mto usipate kitu. Machi, udongo ukishashiba, mvua ileile huteremka mtoni upesi. Fomula inayotazama mvua ya leo tu itazidisha mwanzoni mwa msimu na kupunja mwishoni. Ingiza na mvua ya siku zilizotangulia, kila siku ya nyuma ikipewa uzito mdogo zaidi.

Dhana: Bila mvua, makadirio ni sifuri.
Mito ya Mbarali na Ndembera, inayolisha Ruaha Mkuu, hutiririka hata kiangazi, kwa maji yaliyohifadhiwa chini ya ardhi kule milimani.

Dhana: Uwiano wa 0.9 ni uthibitisho tosha.
Uwiano hapa ni kipimo cha jinsi mvua na maji ya mto vinavyopanda na kushuka pamoja; 1 ni kulingana kikamilifu. Hapa wengi hujidanganya. Chukua mvua ya kila mwezi ya mwaka mmoja, uilinganishe na maji ya mto ya mwaka mwingine kabisa. Bado utapata uwiano mkubwa, kwa sababu vyote viwili hupanda na kushuka na msimu. Toa kwanza wastani wa kila mwezi, kisha pima kilichobaki. Halafu weka kando miaka kadhaa ambayo fomula haijaiona, uijaribu nayo.

Dhana: Takwimu za miaka mingi hutoa fomula ya kudumu.
Hili ndilo linaloniuma zaidi. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Tangu 1993 ukaanza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabaki wamesongamana kwenye madimbwi ya tope. Fomula ya miaka ya 1960 ingekuonyesha maji mwezi Oktoba mahali palipo na mchanga mtupu. Si kwamba mvua ilikoma: maji yalichepushwa huko juu, Usangu, yakaingia kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga kabla ya kufika kinamasi cha Ihefu, ambacho maji yake huendelea hadi hifadhini. Fomula hubeba ardhi na matumizi ya watu wa wakati ilipotungwa. Kwa hiyo takwimu za kabla na baada ya mabadiliko hayo zisichanganywe kwenye fomula moja, na maji yanayoingia mifereji yapimwe kila siku, kama mvua inavyopimwa.