Polisi kujiandaa kwa janga la mafua maana yake nini hasa (sio kafyu)

Kila homa mpya ikitajwa kwenye habari, iwe ya ndege iwe ya nguruwe, lazima atokee mtu redioni aseme polisi wako tayari kwa janga, na ukimsikiliza vizuri unagundua anachomaanisha ni kwamba malori yapo, marungu yapo, vizuizi vya barabarani vipo, na wananchi wakikataa kukaa ndani watakaa tu. Nimelisikia hili hadi nimechoka. Hayo ni maandalizi ya kafyu. Maandalizi ya janga ni kitu kingine kabisa na mtu anaweza kuwa na ya kwanza yote mia kwa mia na ya pili akawa hana hata ukurasa mmoja.

Maana yenyewe ni fupi. Polisi kujiandaa kwa janga la mafua ni kupanga mapema jinsi kituo kitakavyoendelea na zile kazi ambazo haziwezi kusimama, wakati sehemu kubwa ya askari hawapo kazini, kwa wiki kadhaa, na hakuna pa kuomba msaada. Basi. Na mafua hapa sio kamasi za Julai, ni influenza ya aina mpya ambayo miili ya watu haijakutana nayo, kama ile ya 1918 iliyoingia kwetu kwa meli pale Mombasa ikapanda na reli kwenda bara, au H1N1 ya 2009, ile homa ya nguruwe, ambayo WHO waliitangaza kuwa janga la dunia tarehe 11 Juni mwaka huo.

Sasa kinachonikera. Watu wanamuweka polisi upande mmoja na ugonjwa upande wa pili, kana kwamba yeye yuko nje anaangalia, kazi yake ni kuwazuia wengine wasiambukizane. Lakini kirusi hakiogopi sare. Konstebo anashika watu kwa mikono, anapanda landrova na wenzake saba, anakaa kaunta anaongeleshwa usoni siku nzima, jioni anarudi kwenye line za polisi ambako hadi leo kuna familia mbili zinagawana chumba kwa pazia. Kama kuna kundi litaumwa mapema basi ni hili. Kwa hivyo swali la kwanza la mpango wowote ni nani atabaki amesimama, na swali la kuwadhibiti wananchi linakuja baadaye sana, kama litakuja.

Tofautisha na mafuriko. Budalang'i ikijaa maji, polisi wa hapo wakizidiwa wanaletwa wengine kutoka Kakamega au Kisumu, na maji yakishuka watu wanarudi kwao. Ndio njia tuliyozoea ya kupanga dharura, mahali pamoja pameumia na kwingine kote kuko sawa. Janga la mafua linavunja hesabu hiyo kwa sababu Kakamega nako wanaumwa, Kisumu nako, Nairobi nako, tena kwa wakati mmoja, alafu likipita linaweza kurudi. Mwaka 1918 na 1919 lilikuja kwa mawimbi matatu na la pili ndilo lililoua zaidi. Wamarekani walipoandika mpango wao wa taifa mwaka 2006 waliwaambia waajiri wote, polisi wakiwemo, wapige hesabu ya hadi asilimia 40 ya wafanyakazi kukosekana katika zile wiki mbaya zaidi. Sio kwamba wote hao ni wagonjwa, la. Kuna anayeumwa, kuna anayemuuguza mke, kuna ambaye shule zimefungwa na mtoto hana wa kukaa naye, na kuna anayeogopa tu, na mpango wa kweli unamhesabu hata huyo wa mwisho bila kumtukana.

Mtu akiona 40 ni chumvi amuangalie New York Aprili 2020. Kovidi sio influenza, najua, lakini inatosha kwa mfano. Siku moja mwezi huo idara ya polisi ya jiji ilikuwa na zaidi ya askari 7,000 wenye sare walioripotiwa wagonjwa, karibu mmoja kati ya watano. Na hilo ni jeshi la polisi kubwa lenye pesa. Toa mmoja kati ya watano kwenye kituo cha watu 25 huko Kinango alafu uniambie nani analinda seli usiku.

Turudi kwenye kafyu maana ndo hasa inayochanganya watu, na sisi Wakenya tuna sababu ya kuchanganyikiwa. Ile ya 2020 iliyoanza 27 Machi, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, haikuwekwa kwa sheria ya afya. Iliwekwa chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura 56, sheria ya ghasia na mikutano. Sheria ya Afya ya Umma ni Sura 242, ni nyingine kabisa, na humo mwenye kuamua kuhusu ugonjwa ni afisa wa afya, polisi ni msaidizi wake. Sio jambo dogo hili. Ukimpa askari sheria ya ghasia ataiona ghasia, na siku ileile ya kwanza tuliona Likoni kule Mombasa, watu wamepanga foleni ya feri wanataka kuwahi nyumbani, kabla hata saa moja haijafika wakapigwa marungu na kurushiwa gesi ya machozi. Gesi ya machozi jamani, wakati wa ugonjwa wa kupumua, watu wanakohoa, wanatema, wanajifuta macho kwa mikono na wamekandamizwa ardhini mmoja juu ya mwingine. Kama ungeketi upange njia ya kusambaza kirusi usingepata bora kuliko hiyo. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 akauawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi. Mwezi uliofuata Jaji Weldon Korir akasema kafyu yenyewe ni halali ila nguvu isiyo na sababu katika kuitekeleza inavunja katiba. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tulijifunza sana 2020, muulize tulijifunza kafyu au tulijifunza janga.

Alafu kwa influenza hasa, hata hiyo hoja ya kufungia watu ina mguu mbovu. Mtu aliyeambukizwa huanza kuumwa baada ya siku moja hadi nne, mara nyingi mbili, na anaweza kuambukiza wengine tangu siku moja kabla hajajisikia vibaya. Ukimaliza kuwatafuta aliokaa nao jana, hao nao tayari wana wao. SARS ya 2003, ugonjwa mwingine wa mapafu, ilikuwa tofauti, mgonjwa aliambukiza zaidi akiwa ameshazidiwa, ndo maana karantini iliwezekana. Mwaka 2009 Kisumu walikuja wanafunzi wa udaktari kutoka Uingereza, mmoja akathibitishwa kuwa na H1N1 mwisho wa Juni, kundi likazuiliwa hotelini, na bado ugonjwa ukaenea nchini kwa sababu njia za kuingia ni nyingi kuliko hoteli. WHO wenyewe kwenye mwongozo wao wa 2019 wa janga la influenza waliweka karantini ya watu waliokutana na mgonjwa, pamoja na kufunga mipaka, kwenye orodha ya vitu wasivyopendekeza kwa hali yoyote ile. Walipendekeza vya kawaida, kunawa mikono, kufunika mdomo ukikohoa, anayeumwa abaki kwake. Sasa hapo konstebo mwenye rungu anahitajika wapi?

Anahitajika kwenye kazi zake za kila siku, na ndipo mpango unapoanza kuwa mgumu kwa sababu lazima mtu mkubwa aandike kwa mkono wake kazi zipi zitaachwa. Wezi wa mabavu, ubakaji, ugomvi wa nyumbani (ambao watu wakifungiwa pamoja unaongezeka), simu za 999, seli na ghala la silaha, hizi haziachwi. Gwaride, semina, ukaguzi wa magari barabarani, kusindikiza waheshimiwa, ripoti ya kitambulisho kilichopotea, hizi zinaweza kungoja au zikachukuliwa kwa simu. Najua hapo kwa waheshimiwa patakuwa na kelele.

Vingine ni vidogo mpaka vinachekesha, lakini ndivyo vinavyoangusha kituo. Ufunguo wa ghala la silaha yuko nao nani, na akilazwa, na wa pili wake akilazwa? Chumba cha redio cha kaunti kina watu wangapi wanaojua mitambo? Askari wa doria ukimkosa unaweza kumvisha sare mpelelezi arudi barabarani wiki mbili, lakini mtu wa redio humpati barabarani, inabidi umfundishe mwingine sasa hivi watu wakiwa wazima. Na zamu zigawanywe vikosi visivyokutana, hawa wanatoka mlango huu wale wanaingia kule, landrova imefutwa na vioo viko wazi, ili kikosi kimoja kikianguka kingine kibaki. Barakoa na glavu zinunuliwe kabla, kwa maana siku janga likitangazwa kila nchi inapiga simu kiwanda kilekile. Chanjo usiitegemee kwenye wimbi la kwanza. Ile ya 2009 kirusi kilijulikana Aprili na Marekani walianza kuchanja Oktoba, na hao ndo wenye viwanda.

Seli nisizipite. Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na mahakama ikipunguza kazi kwa ajili ya ugonjwa, seli zinajaa, hewa hamna, mmoja anakohoa. Machi 2020 mahakama zilipopunguza vikao ilibidi makosa madogo yamalizwe kituoni. Mpango mzuri unakuwa na hilo limeshakubaliwa na mahakama na waendesha mashtaka mapema, nani anapewa dhamana ya polisi, nani hata hakamatwi, anaandikiwa tu aje siku fulani. Kumi walioshikwa bila barakoa na kusukumwa seli moja ni hatari kubwa kuliko kumi hao wakiwa barabarani, sijui kwa nini hili bado linabishaniwa.

Na kuna kazi ambayo hakuna anayependa kuitaja, vifo vya nyumbani. Siku za kawaida mtu akifia nyumbani ghafla polisi wanaitwa, wanaandika, mwili unapelekwa mochari. Vikiwa vingi kwa siku moja, na daktari hapatikani, na familia inataka kuzika kabla ya alasiri kama ilivyo desturi ya Waislamu wengi huku Pwani, ni nani anatia saini? Hilo linazungumzwa na watu wa afya, na mochari, na maimamu na mapasta, kabla. Likiachwa mpaka siku yenyewe litaamuliwa na konstebo wa miaka 23 aliyesimama mlangoni kwa watu wanaolia.

Kwa hiyo ndugu mtangazaji, na wewe unayeandika polisi wajiandae ukimaanisha waongezewe gesi, nia yako naielewa, ila neno unalotafuta ni kutuliza ghasia, nalo lina bajeti yake tayari. Ukitaka kuuliza kuhusu janga, muulize OCS wako, yaani mkuu wa kituo, orodha ya kazi atakazoziacha watu wake kumi wakikosekana Jumatatu, na jina la mtu wa tatu mwenye ufunguo.