PHP haijafa, na MongoDB si dawa ya kila kitu

Kila nikikaa na mtu anayetaka tovuti mpya, namkuta na maneno aliyokwisha kuambiwa na shemeji yake au kijana wa jirani. Mengi ninayakuta yaleyale.

Dhana: PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, imekufa.
Ukurasa wa Wikipedia uliosoma asubuhi umetengenezwa na MediaWiki, programu iliyoandikwa kwa PHP, na data zake zinakaa kwenye MariaDB, hifadhidata ya majedwali. WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, nayo ni PHP. Wengi wanaoiponda wanaikumbuka ile ya zamani. Toleo la 7, lililotoka Desemba 2015, lilikuja na kasi karibu maradufu ya 5.6. Halafu kuna suala la mfuko. Kwa mwenye duka, kifurushi cha bei ya chini cha kupangisha tovuti kwa kawaida huwa na PHP na MySQL (hifadhidata ya aina ya MariaDB) tayari. Ukimwandikia kwa zana nyingine, kama Python au Node.js, mara nyingi atahitaji kukodi seva yake, pamoja na mtu wa kuiangalia kila mwezi. Mwulize kwanza nani ataitunza ukishaondoka.

Dhana: MongoDB, hifadhidata isiyotumia majedwali, ni ya kisasa, haina usumbufu wa kupanga majedwali.
Mpangilio haukwepeki, unahamia tu kwenye programu yako, na huko ni vigumu zaidi kuusimamia. Wateja, oda na malipo ni vitu vinavyotegemeana; majedwali yalibuniwa kwa kazi hiyohiyo. Kama sehemu ya data zako haina umbo maalumu, PostgreSQL, nayo hifadhidata ya majedwali, ina jsonb (aina ya safuwima kwa data kama hizo) tangu toleo la 9.4 la mwaka 2014.

Dhana: SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye faili moja, ni ya kujifunzia.
Tovuti ya SQLite yenyewe inaendeshwa na SQLite. Inachoshindwa ni waandikaji wengi kwa mkupuo, kwa sababu huruhusu mmoja mmoja. Kwa tovuti ya shule au ya msikiti inatosha kabisa.

Dhana: jenga tangu mwanzo kwa ajili ya watu milioni.
Instagram ilianza mwaka 2010 kwa Python, Django (mfumo wa kujengea tovuti kwa Python) na PostgreSQL, vitu vya kawaida kabisa. Iliponunuliwa na Facebook mwaka 2012 ilikuwa na wafanyakazi 13 na watumiaji wapatao milioni 30.

Dhana: tovuti ikiwa nzito, kosa ni la lugha.
Hii ndiyo inayoniuma, maana inawala watu fedha. Niliwahi kuitwa na chama kimoja cha kuweka na kukopa. Kufungua taarifa ya mwanachama mmoja kulichukua sekunde 11, na walikwisha kushauriwa kuandika mfumo mzima upya kwa lugha ya Go. Niliingia MySQL, nikaweka EXPLAIN (neno la kuitaka ieleze inavyotafuta) mbele ya SELECT yao, yaani amri ya kusoma data. Jibu: ALL, mistari 340,000. Yaani kila karani alipobofya jina, jedwali zima la miamala lilisomwa tangu juu hadi chini, kwa kuwa namba ya mwanachama haikuwa na faharasa, yaani orodha ya kutafutia haraka. CREATE INDEX (amri ya kuunda faharasa) moja tu, na taarifa ikaanza kufunguka papo hapo.

Lakini palepale nikaona jambo lililonisikitisha zaidi. Namba za simu zilihifadhiwa kama INT, yaani namba ya hesabu na si maandishi. Walioanza na 0754 walibaki na 754, sifuri imeliwa, hao wanarekebishika. Walioandika kwa kuanzia 255 wote walikuwa na namba moja: 2147483647. Ndicho kikomo cha INT, na MySQL ile, iliyozimiwa ukali wake wa kukataa data zisizofaa, ilikata kila namba iliyozidi hapo bila kukataa. Hakuna lugha ya kuzirudisha. Tukaigeuza safuwima kuwa VARCHAR(15), yaani maandishi ya hadi herufi 15, kisha makarani wawili wakashusha mafaili kabatini na kuandika namba upya, moja moja, kutoka kwenye fomu za karatasi.