Waliojua Kulifikisha Gari

Katika misiba mingi ya hapa Tabora, kabla ya mwili kupelekwa makaburini, ndugu mmoja husimama na kusoma wasifu wa marehemu: mwaka aliozaliwa, shule alizosoma, mahali alipoajiriwa, watoto na wajukuu aliowaacha. Nimehudhuria misiba ya mafundi wengi wa magari, wakiwemo walionifundisha kushika spana, na kila mara nimerudi nyumbani nikihisi kwamba kuna jambo limezikwa pamoja nao bila kutajwa, nalo ni kile walichokuwa wanakijua kwa mikono yao. Hakuna aliyesema kwamba marehemu aliweza kuitambua beringi inayoanza kufa kwa kusikiliza tu gari likipita, wala kwamba aliwahi kutengeneza klachi ya lori porini akiwa na jeki moja na tochi.

Hisia hiyo hiyo ninaipata ninaposoma tanzia za watu wa mashindano ya magari. Mimi ni mwalimu wa ufundi wa magari, na kwa miaka mingi nimefuatilia mashindano ya masafa marefu, hasa Safari Rally, kwa sababu barabara zake zilikuwa barabara za kwetu. Katika miaka hii michache wameondoka watu kadhaa walioacha alama kubwa katika mchezo huo, na tanzia zao zimehesabu vikombe, kama vile kikombe kinaeleza kilipatikanaje. Ningependa kuwakumbuka kwa namna nyingine, yaani kwa kueleza ujuzi ambao mimi nauona ndio uliowatenga na madereva wenye kasi tu: walijua kulifikisha gari.

Kwa vijana ambao hawakuikuta enzi hiyo, naanza na mashindano yenyewe. Safari ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilikimbiwa wakati wa Pasaka, msimu ambao mvua za masika hugeuza barabara za udongo kuwa uji. Magari hayakuwa yakishindana kwenye vipande vifupi vilivyofungwa. Yalipewa muda wa kufika kutoka kituo hadi kituo, kwenye barabara ambayo mabasi, ng'ombe na watembea kwa miguu waliendelea kuitumia. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza tena 7, na mara zote mbili waliotangulia walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff katika Peugeot 404. Kati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ushindi ulikuja kwa wakazi wa Tanzania, Bert Shankland na Chris Rothwell, nao pia wakiwa na Peugeot 404, na wazee wa gereji hapa mjini bado wanalitaja gari hilo kwa heshima.

Wapo waliodhani kwamba ushindi wa wenyeji ulitokana na kuzifahamu njia. Sikubaliani nao kikamilifu. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kufariki mwaka 2013, alishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, lakini takwimu yake ninayoithamini kuliko zote ni kwamba alianza Safari 22 akamaliza 19. Huyu alijifunza kazi katika gereji ya baba yake kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Alipokuwa anaendesha, alikuwa anaendesha vyuma ambavyo aliwahi kuvifungua, na ninaamini kwamba hapo ndipo ilipo siri ya zile 19.

Sasa nije kwa Hannu Mikkola, aliyefariki Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 78. Alikuwa mtu wa Finland, nchi ya theluji na barabara za changarawe, na mashindano makubwa ya nyumbani kwao aliyashinda mara saba. Hadi mwaka 1972 hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyekuwa ameshinda Safari, ingawa kampuni kubwa za Ulaya zilikuwa zikileta madereva bora zilizokuwa nao. Mwaka huo Mikkola na msomaji wake wa njia (anayeketi pembeni akimsomea dereva kona zinazokuja), Gunnar Palm wa Sweden, walishinda katika Ford Escort RS1600.

Ili kuuelewa uzito wa jambo hilo, ni lazima mtu ajue barabara inalifanya nini gari. Wasafiri wa zamani wa Tabora kwenda Nzega, kabla ya lami, wanavikumbuka vile vijituta vidogo vilivyojipanga kama mbavu katikati ya njia. Ndani ya shokomzoba mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na kwa njia hiyo nguvu ya mtikisiko hugeuzwa kuwa joto. Kwenye vijituta pistoni hupanda na kushuka mara nyingi katika kila sekunde, mafuta hupata moto na kuchanganyika na hewa hadi yanakuwa povu, na povu haliwezi kuzuia chochote. Kuanzia hapo springi inabaki peke yake, gurudumu linarukaruka, na mapigo yote yanahamia kwenye vishikio vya shokomzoba, kwenye bushi, na mwisho kwenye bodi lenyewe, ambalo huanza kupasuka pale lilipochomelewa. Dereva anayekwenda polepole hupigwa na kila kituta, na anayekwenda kasi hupita juu ya vichwa vya vituta akajisikia vizuri, lakini matairi yake yanagusa ardhi kwa sehemu ndogo tu ya muda, kwa hiyo usukani na breki vinamtii nusu nusu. Kati ya kasi hizo mbili upo mwendo mmoja unaofaa kwa gari hilo, kwa mzigo huo na kwa joto la siku hiyo, na mwendo huo hauandikwi popote. Unasikika kupitia kiti na usukani.

Escort ile ilikuwa gari jepesi, la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, na ekseli yake ya nyuma ilikuwa kipande kimoja kilichofungwa kwenye springi za mabamba, mpangilio ule ule ambao wanafunzi wangu wanaukuta kwenye pikapu za tumbaku kutoka Urambo. Gari la namna hiyo halina siri. Ukilitendea vibaya linavunjika, na ukilisikiliza linakupeleka. Mtu aliyezoea kuendesha kwa nguvu zote katika vipande vifupi huko kwao, akaweza kujizuia kwa siku nzima na usiku wake, huku akijua kwamba mpinzani wake pengine yuko dakika chache tu mbele, amefanya kazi ngumu kuliko kukanyaga mafuta.

Kuna sehemu ya pili ya maisha ya Mikkola, ambayo tanzia nyingi ziliipa nafasi kubwa zaidi, na hapo sina ugomvi nazo. Audi ilipoleta gari la Quattro katika mashindano ya dunia mwaka 1981, yeye alikuwa miongoni mwa madereva wake wa kwanza, na mwaka 1983 akawa bingwa wa dunia akiwa nalo. Faida ya kuendesha magurudumu yote manne ni rahisi kuieleza kwa mtu aliyewahi kukwama kwenye mbuga ya udongo mweusi. Kila tairi lina kiasi fulani tu cha kushika ardhi, na nguvu ya injini ikipita kiasi hicho tairi linateleza na kuchimba. Nguvu hiyo hiyo ukiigawa kwa matairi manne badala ya mawili, kila moja linabebeshwa kidogo, na gari linasonga mahali ambapo jingine lingelala hadi asubuhi. Kabla ya Quattro, walio wengi waliamini kwamba uzito na ugumu wa mitambo hiyo ungeizidi faida yake katika mbio. Haikuchukua muda mrefu kila aliyetaka kushinda akaufuata mfumo huo.

Mwaka 1987, baada ya magari ya kundi B, yale ya rali yenye nguvu kupita kiasi, kuondolewa kufuatia vifo vya mwaka uliotangulia, Mikkola alirudi katika Safari na Audi 200 quattro, gari kubwa na zito la abiria, akiwa na Arne Hertz kama msomaji wake, akashinda. Mwenzake Walter Röhrl alikuwa wa pili katika gari la aina hiyo hiyo. Mikkola alikuwa na miaka 44, na huo ndio ulikuwa ushindi wake wa mwisho katika mashindano ya dunia. Miaka 15 ilikuwa imepita tangu ile Escort. Magari hayo mawili hayakuwa na kitu cha pamoja isipokuwa dereva, na ndiyo maana nikifundisha habari za kulihurumia gari huwa nayataja yote mawili kwa pamoja.

Andrew Cowan wa Scotland alifariki Oktoba 2019, na Paddy Hopkirk wa Ireland ya Kaskazini akafuata Julai 2022, akiwa na miaka 89. Wengi humkumbuka Hopkirk kwa ushindi wa rali ya Monte Carlo wa mwaka 1964 katika Mini Cooper ndogo. Mimi namkumbuka kwa Desemba 1968, na siwezi kumtaja Cowan bila yeye.

Mwaka huo yalifanyika mashindano kutoka London hadi Sydney, magari yakipita nchi kavu hadi Bombay, yakapandishwa meli hadi Australia magharibi, kisha yakalivuka bara zima. Cowan na wenzake wawili walikuwa na Hillman Hunter, gari la kawaida la familia, ambalo hakuna aliyelitarajia kuwashinda wenye kasi. Siku ya mwisho aliyekuwa anaongoza ni Lucien Bianchi wa Ubelgiji katika Citroën. Zikiwa zimebaki saa chache tu kufika, Citroën hiyo iligongana uso kwa uso na gari lililokuwa likija upande wa pili, na Bianchi akaumia vibaya. Hopkirk ndiye mshindani wa kwanza aliyefika mahali pale. Alisimama. Aliwahudumia majeruhi huku muda wake wa mashindano ukiendelea kuhesabiwa, na alipomaliza safari akawa wa pili, nyuma ya Hunter ya Cowan. Bianchi alipona majeraha yale, lakini alifariki Machi 1969 akiwa mazoezini kwenye njia ya mbio za magari ya Le Mans, Ufaransa.

Sikusudii kumpunguzia Cowan ushindi wake. Kulileta gari la familia hadi Sydney likiwa zima, likiwa karibu kiasi cha kuupokea uongozi ulipoanguka, ni kazi ya mtu anayejua kutunza injini na matairi kwa maelfu ya kilomita, na alithibitisha kwamba haikuwa bahati aliposhinda tena London hadi Sydney mwaka 1977. Baadaye aliongoza timu ya Mitsubishi ya mashindano barani Ulaya, ambayo kwa magari yake Tommi Mäkinen alipata ubingwa wa dunia mara nne mfululizo, 1996 hadi 1999. Lakini mtu yeyote aliyewahi kusafiri usiku kati ya Kaliua na Uvinza anajua maana ya gari la kwanza kusimama pale lilipotokea ajali, na kwa hiyo anaijua thamani ya nafasi ile ya pili.

Kifo cha Craig Breen wa Ireland, tarehe 13 Aprili 2023, kilinigusa kwa namna tofauti kwa sababu alikuwa na miaka 33 tu na kazi yake ilikuwa inaendelea. Alifariki akiwa katika majaribio ya gari kabla ya mashindano ya Croatia. Msomaji wake, James Fulton, hakuumia. Mwaka 2012, katika mashindano ya Targa Florio huko Sicily, ilikuwa kinyume chake: ukingo wa chuma wa barabara ulilitoboa gari, Breen akatoka salama, na msomaji wake Gareth Roberts akafariki.

Nawaeleza wanafunzi wangu kazi ya msomaji kwa mfano wa utingo, ambaye katika malori ya kwetu ndiye anayeshuka kupima kina cha maji kwa miguu yake kabla dereva hajathubutu kupita. Msomaji wa rali naye alikwisha kuipita njia hiyo kabla, polepole, akiandika kila kona kwa namba na alama kadiri dereva alivyomwambia. Siku ya mashindano anamsomea kona ambayo bado haijaonekana, na dereva anaiingia akiamini sauti tu. Aliyempoteza mtu wa namna hiyo akiwa kiti cha pembeni, kisha akarudi kuketi na mwingine na kumwamini vile vile kwa zaidi ya miaka kumi, alikuwa na ujasiri ambao sijui kuupima.

Wa mwisho ni Kenjiro Shinozuka, aliyefariki Machi 2024 akiwa na miaka 75. Aliingia kampuni ya Mitsubishi Motors akiwa kijana na kushindana akiwa mwajiriwa wake. Katika Safari ya mwaka 1976, Lancer za kampuni hiyo zilichukua nafasi tatu za juu, Joginder Singh akiwa wa kwanza, Robin Ulyate wa pili na Cowan wa tatu, huku Shinozuka akimaliza wa sita. Mwaka 1991 alishinda rali ya Ivory Coast, akawa Mjapani wa kwanza kushinda shindano la ubingwa wa dunia wa rali, akarudia mwaka uliofuata, na mwaka 1997 akawa Mjapani wa kwanza kushinda Dakar, mashindano marefu ya jangwani, akiwa na Pajero.

Pajero wanafunzi wangu wanaijua vizuri, kwani kuna moja ya zamani iliyoinuliwa juu ya magogo nyuma ya karakana yetu. Wiki ile ya msiba wa Shinozuka tuliifungua shokomzoba ya nyuma, tukamimina mafuta yake kwenye beseni, yakiwa meusi na mepesi kama chai, na nikawaonyesha vile vitundu vidogo kwenye pistoni. Mmoja wao aliuliza ni kwa saa ngapi kitu kidogo kama hicho kinaweza kustahimili jangwa. Tulikaa juu ya swali hilo hadi kengele ya kutoka ilipolia.