Meli imefika, gari bado: wateja wangu wanavyohesabu siku

Siku moja baada ya Laasiri nilikuwa nje ya geti la bandari ya Malindi, Unguja, simu ikaita. Mteja hakusalimia. "Leo tarehe kumi na mbili. Karatasi uliyonipa imeandikwa kumi na mbili. Nije na dereva?" Nikamwambia karatasi si yangu, ya wenye meli, na meli yenyewe haijatia nanga. Kimya kidogo, kisha: "Kwa hivyo gari yangu mumeshaiuza."

Natoa forodhani magari yanayonunuliwa nje, mengi Japani, kwa riziki, na matusi mengine nimeshayazoea. Hili la tarehe sijalizoea.

Wanasema: tarehe ya meli kufika ndiyo siku ya kuchukua gari. Tarehe ile ni makisio ya meli kufika bandarini, basi. Gari lako halimo katika makisio hayo. Na hata makisio ya meli yenyewe husogea, tena husogea mbele kuliko kurudi nyuma.

Najua hesabu mnayoipiga, kwa sababu mnanitumia. Kutoka Yokohama kupitia Singapore hadi pwani yetu ni kama maili 7,000 za bahari. Meli ya magari inayokwenda noti 17, yaani maili 17 za bahari kwa saa, inakata maili 400 na kitu kwa siku, kwa hivyo siku 17 au 18 imefika. Hesabu ni sahihi kabisa, ila umehesabu meli uliyoikodi peke yako. Hii ni kama daladala ya shamba: inajaza kwanza. Imepakia Nagoya, imekwenda Yokohama, pengine na Kobe, njiani inaingia bandari nyingine kushusha na kupakia, na kila pahala kuna foleni ya gati. Agosti na Septemba Japani ina vimbunga, meli inaweza kukaa pembeni hadi bahari itulie. Ndiyo maana mimi nikiulizwa nasema wiki nne hadi sita, na nikiona mtu ana haraka nasema nane.

Halafu soma vizuri hati ya shehena, karatasi wanayotoa wenye meli gari likipakiwa. Bandari ya kushushia ina kisanduku chake, na pahala pa mwisho pana kisanduku chake. Mara nyingi cha kwanza kimeandikwa Dar es Salaam au Mombasa. Gari linashushwa huko, linasubiri chombo kingine, ndipo linavuka kuja Unguja. Wewe wa Wete au Chake ongeza safari ya tatu, na chombo cha Pemba hakikungojei wewe.

Likishagusa ardhi ndipo karatasi zinaanza: manifesti (orodha ya mizigo ya meli), tathmini, malipo, ukaguzi, kutolewa, kisha namba. Hapa ndipo siku nyingi hupotea, na nyingi zinapotezwa na mwenye gari. Mwaka jana gari la bwana mmoja lilikaa bandarini wiki nzima kwa herufi moja. Katika ankara nambari ya chesisi ilikuwa na B, katika hati ya shehena ikaandikwa 8. Muuzaji alikuwa kalala, huko usiku. Akiamka yeye, huku tunalala sisi. Kila siku ya bandari ina gharama yake, na alilipa yeye. Kwa hivyo nawaambia wote, na wengi hawanisikilizi: siku ile ile unapotumiwa karatasi, kaa na ankara mkono huu na hati mkono huu, soma chesisi herufi kwa herufi kwa sauti, mtu mwengine akufuatilie. Meli ikiwa bado baharini, kosa linasahihishwa kwa barua pepe moja.

Nimeshawahi kuona mtu kaweka harusi ya bintiye kwa tarehe ya meli. Biharusi alipelekwa kwa gari la kuazima.

"Hati si nilikutumia WhatsApp?" Ulinitumia picha yake. Hati ya shehena ndiyo haki ya kulichukua gari. Kwa kawaida hutolewa asili tatu, na muuzaji hukaa nazo hadi umalize kulipa senti ya mwisho. Ama asili ije kwa posta ya haraka, ama muuzaji airejeshe kwa wenye meli hukohuko, gari liachiwe kwa teleksi, yaani kwa ujumbe wa wenye meli bila asili kusafiri. Chagua moja mapema. Picha naifuta simu ikijaa.

"Imechelewa kwa ajili ya Bahari Nyekundu." Hii niliisikia mara ya kwanza 2021 meli kubwa ilipokwama kwenye mfereji wa Suez, na tangu mashambulizi ya meli yalipoanza huko mwisho wa 2023 kila mtu anayo. Gari lako limetoka Japani, bwana. Linatoka mashariki, linakata Bahari ya Hindi, Suez halipiti. Ni kweli meli nyingi duniani zikizunguka Afrika Kusini ratiba za wengine nazo huchafuka. Lakini aliyenunua Uingereza ndiye mwenye haki ya kulalamikia Suez.

"Meli imepotea kwenye simu." Saa nne usiku mtu ananiuliza kama imezama. Programu hizo za bure za kufuatilia meli husikia redio ya meli kupitia minara ya pwani, na sauti hiyo haifiki mbali, maili 40 au 50 hivi. Katikati ya bahari hakuna mnara. Nukta inakaa pale iliposikiwa mara ya mwisho hadi meli ikaribie nchi nyengine. Lala.

"Muuzaji kaniandikia bei ndogo, ushuru utapungua." Forodha wana kumbukumbu zao za bei, na ile asilimia 25 ya Afrika Mashariki kwa magari madogo hupigwa juu ya thamani wanayoikubali wao, nauli na bima zikiwemo ndani. Bei ndogo mno huwafanya waulize maswali tu, na maswali ni siku.

"Haliwaki, nimeuziwa bovu." Gari limekaa wiki nyingi, betri imeisha. Vumbi la chumvi, tairi zimelegea, stika ya chesisi imegandana kwenye kioo: vyote hivyo vya kawaida. Gari hupandishwa melini na mafuta kidogo tu, kwa hivyo taa ya petroli itakuwa inawaka. Njoo na dumu la lita tano na nyaya za kuchajia. Yule wa tarehe kumi na mbili alikuja siku ya kumi na tisa ya kungoja kwake, kavaa kanzu nyeupe, mikono mitupu, akaniuliza kituo cha mafuta kiko wapi kwa miguu.