Ukirudia dhambi, mlango wa toba haufungwi

Ujumbe wa miaka mingi bado unazunguka kwenye magrupu: ukirudia dhambi uliyokwisha kuitubu, hupati msamaha tena. Chini yake umebandikwa Waebrania 10:26, mstari unaosema tukifanya dhambi kusudi baada ya kuijua kweli, haibaki tena dhabihu kwa ajili ya dhambi. Si kweli. Fungua Biblia usome hadi mstari wa 29: anayesemwa ni aliyemkanyaga Mwana wa Mungu, yaani aliyemkataa kabisa, si aliyeanguka akalia kurudi. Neno "kusudi" likisomwa peke yake ndilo linalotisha. Luka 17:4 yaagiza kumsamehe anayetubu hata mara saba kwa siku. Tafadhali usiusambaze ujumbe huo, unawakatisha tamaa wanaotaka kurudi. Toba nayo ina kazi: itaje dhambi kwa jina, rudisha ulichochukua kama Zakayo, futa namba ya simu inayokurudisha kulekule.