Malaika wa Memling wanapiga nini?

Wengi wakisimama mbele ya mchoro wa malaika wanamuziki, macho hukimbilia mabawa na nyuso. Sisi tunaofanya kazi ya makumbusho huanza na mikono.

Bendi kamili ya malaika haimo katika Biblia. Katika Luka, jeshi la mbinguni linamsifu Mungu bila ala yoyote kutajwa. Ufunuo unawapa malaika saba tarumbeta saba, lakini vinubi vya sura ya 5 vimeshikwa na wazee ishirini na wanne. Ala nyingine wachoraji walizichota kwenye Zaburi, hasa ile ya 150, na kwenye muziki waliousikia mitaani na makanisani kwao.

Chukua kazi ya Hans Memling, mchoraji wa mji wa Bruges, Ubelgiji ya leo. Mwishoni mwa karne ya 15 alichora picha kwenye mbao za altare kuu ya monasteri ya Santa María la Real, mjini Nájera, kaskazini mwa Uhispania. Tatu zimebaki, ziko Makumbusho ya Kifalme ya Sanaa ya Antwerp, Ubelgiji. Zikipangwa sambamba zinakaribia mita 7. Katikati yupo Kristo na malaika sita waimbaji, na kila upande malaika watano wenye ala.

Ubao wa kushoto ndio wa mpenzi wa taarabu kuusogelea. Malaika wa kwanza ana salteri, kisanduku bapa chenye nyuzi nyingi za kudonoa, ndugu wa kanuni. Wa tatu ana luti: mgongo wa mviringo kama nusu ya boga, kichwa cha shingo kimekunjwa kwenda nyuma. Ni udi huo. Hata jina luti limetoka kwenye Kiarabu al-ud, na ala yenyewe ilipitia Uhispania ya Waislamu kabla ya kuenea Ulaya, ambako baadaye shingo ilifungwa vigawanyo vya sauti ambavyo udi wa Unguja hauna. Wa tano anapuliza ala yenye ulimi wa matete mawili, jamaa wa zumari ya ngoma zetu za pwani. Kati yao kuna tarumbeta, na ala ndefu ajabu ya kupigwa kwa uta, ambayo uzi wake hukoroma kama tarumbeta.

Mwanamuziki wa enzi ile angecheka kidogo. Wakati huo ala za kelele, kama tarumbeta na zumari, zilipigwa uwanjani na kwenye maandamano, na zile za upole, kama luti na kinubi, chumbani. Memling amezichanganya zote. Udi kando ya tarumbeta, nani atausikia? Naamini alijua fika. Alitaka kila ala iwepo kumsifu Mungu, si kutuonyesha onyesho la kweli.

Jan van Eyck, mchoraji wa Bruges aliyemtangulia Memling, alikuwa mkali zaidi. Katika mchoro wake wa altare ya mji wa Ghent, uliokamilika mwaka 1432, malaika wake hawana mabawa hata kidogo, na waimbaji wamekunja nyuso kwa juhudi, midomo ikiwa wazi kwa namna tofauti. Mwaka 1604 Karel van Mander, mwandishi wa habari za maisha ya wachoraji, aliandika kwamba ukiwatazama tu unatambua nani anaimba sauti ya juu na nani anaimba besi. Mimi besi nimeshampata. Wa sauti ya kati bado ananisumbua.